Karani wa Cherehani ya Mbao

Meza ya cherehani ya marehemu mama yangu ilitobolewa matundu manne na mtu niliyemwamini, tena mchana kweupe, tena akiwa amevaa tai. Nalisema hilo mwanzoni kabisa kwa sababu watu wakinisikia namsifu hudhani nilimpenda tangu siku ya kwanza. Hata kidogo. Miezi miwili mizima nilimwamkia kwa kuwa tu nimelelewa kuamkia wakubwa, naye aliitikia "Marahaba, Fundi" kwa upole uliozidi kuniudhi.

Mtaani kwetu Mfaranyaki, hapa Songea, tulimwita Karani. Jina analo, na kanisani limeandikwa, lakini nikilitaja hapa nusu ya mtaa itauliza ni nani huyo. Alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mimi nilikuwa na kibanda cha kushonea nguo, yeye alikuwa na baraza.

Ilikuwa hivi. Mama alikuwa fundi wa nguo kabla yangu. Aliponiachia cherehani yake ya miguu nilishona nayo miaka michache, hadi siku tuliyohama nyumba, kichwa kikadondoka kwenye mkokoteni kikavunjika shingo. Chuma cha namna ile hakiungiki. Nikanunua cherehani ndogo ya mkono nikasukuma maisha, na miguu ya chuma pamoja na meza yake ya mbao nikaviweka stoo nyuma ya magunia. Ukingoni mwa meza ile kulikuwa na mikwaruzo ya mkasi, mahali mama alipokuwa akikatia nyuzi bila kutazama. Nia yangu ilikuwa moja: siku moja nipate kichwa kingine, nikiweke juu ya meza ile, nishone pale pale aliposhonea yeye.

Karani akaja kuazima.

"Fundi, ile miguu ya cherehani inakula vumbi tu huko stoo."

"Inanisubiri, mzee wangu."

"Basi inisaidie mimi wakati inakusubiri wewe. Siku ukiihitaji utaipata kama ilivyo."

Nilidhani anataka kuwekea makopo ya maua, maana mkewe alikuwa na makopo ya maua kila mahali. Siku ya tatu nikasikia ukutani mlio wa pedeli, kachi-kachi-kachi, nikajua kabisa hayo si maua. Nilipotoka nikamkuta amekaa kwenye meza ya mama na shati lake jeupe na tai. Juu ya meza amefunga kwa bolti mkono mrefu wa mbao wenye springi ya kiti cha baiskeli, na katikati panapanda na kushuka kijiwembe chembamba chenye meno, kinakula ubao wa sanduku la chai kwa mzunguko kama mtu anayechora.

Nilimpigia kelele hadi wapita njia wakasimama. Nililia pia, sioni haya kusema. Alisimama wima akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akachukua penseli kutoka sikioni, akafungua daftari, akaandika, halafu akanisomea: "Malalamiko ya Fundi kuhusu matundu manne. Yamepokelewa." Akachana karatasi nyingine akaandika: "Meza hii na miguu yake ni mali ya Fundi. Itarudishwa siku atakayoihitaji." Akatia sahihi, akaibandika kwa uji wa ngano chini ya meza. Ikakaa huko miaka yote.

Nieleze kwa nini mtu anakaa barazani na tai. Karani alikuwa karani wa masjala katika chama cha ushirika, kazi yake mafaili. Uliposhika wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na malori yao, chama kikaanza kuyumba, na makarani ndio waliotangulia kupewa barua za kupunguzwa. Wenzake wengine walirudi vijijini kulima, wengine walifungua genge. Yeye alipewa barua Ijumaa, na Jumatatu yake saa moja na nusu asubuhi akawa kavaa, kakaa barazani, kazini. Saa nne alikunywa chai. Saa tisa na nusu alifunga. Ukimfuata saa tisa na dakika arobaini anakwambia ofisi imefungwa, uje kesho, na huku mwenyewe amekaa pale pale anatafuna muhogo wa kuchoma.

Ile barua, naamini, ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Hakuwahi kuilalamikia. Siku moja tu aliniambia kwamba miaka yote ile ofisini hakuna kitu hata kimoja alichowahi kukitazama jioni akasema hiki kimekwisha. "Faili haliishi, Fundi. Linanenepa tu."

Ule msumeno aliuona kwanza Peramiho. Alikuwa amempeleka mkewe hospitali, akamwacha kwenye foleni eti anakwenda kutafuta maji ya kunywa, akaishia kuchungulia dirisha la karakana ambako fundi mmoja alikuwa anakata ua ndani ya ubao bila kuukata ubao pembeni. Alisimama dirishani hadi foleni ikaisha. Mkewe, mama wa Kimatengo mwenye kicheko kikubwa, alituhadithia hayo kila alipopata nafasi. "Mimi naitwa na daktari, mwenzangu anaitwa na msumeno!"

Nyembe za msumeno huo hazikuwepo Songea, kwa hiyo alizitengeneza mwenyewe. Alichukua springi ya saa ya mezani, akaipasha moto, akaipasua vipande vyembamba, akavichonga meno kwa tupa, jino moja moja, ulimi umetoka nje pembeni mwa mdomo. Mkewe alikosa misa ya kwanza Jumapili mbili mfululizo ndipo akagundua kuwa saa yao imebaki ganda. Baadaye maduka yalipojaa vitu vya kila aina, mtu alimletea kutoka Dar es Salaam pakiti nzima ya nyembe za kiwandani. Alizitumia wiki moja akaanza kunung'unika kwamba hazikatiki ovyo. "Sasa mtu atajifunzaje?" Lakini sikumwona tena akigusa saa ya mtu.

Watoto wa mtaa waliiita cherehani ya mbao, na jina likashika. Na mimi, niliyekuwa nimeapa kutoigeukia baraza ile, nikajikuta kila saa nne nimebeba kikombe changu naenda kutazama. Ni kazi ya kutazamika. Kwanza anabandika mchoro juu ya ubao kwa uji wa ngano. Kisha anapaka nta ya mshumaa chini ya ubao ili uteleze. Kisha anaanza kukanyaga, na hapo maneno yanaanza.

"Usiusukume. Upeleke, halafu usubiri. Wembe una miguu yake."

Kwenye kona hasogezi ubao mbele hata kidogo. Anaendelea kukanyaga, wembe unapanda na kushuka mahali pamoja, naye anauzungusha ubao polepole mpaka njia mpya inatazamana na meno. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilicheka. Ndivyo tunavyofanya kwenye ncha ya kola: sindano inabaki ndani ya kitambaa, unageuza kitambaa. Nikamwambia. Alisimamisha pedeli akanitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ulikuwa unajua siku zote," akasema, "ukakaa kimya."

Tulichopishana ni kitu kimoja. Mimi fundi wa nguo naanza na nje. Nakata umbo la gauni kwanza, shingo na matundu ya vifungo vinafuata. Siku aliyoniruhusu kujaribu, nilikata samaki mzuri, mzunguko mzima, nikajipongeza, ndipo nikataka kutoboa jicho na magamba. Samaki alikuwa mdogo kiasi cha kiganja, sikuwa na mahali pa kumshika, wembe ukamdaka ukamrusha hadi kwenye makopo ya maua. Karani hakucheka. Aliokota vipande viwili akavipa namba.

"Ndani kwanza, Fundi. Unatoboa kwa keekee, unaufungua wembe juu, unaupitisha kwenye tundu, unaufunga, unakata ndani. Matundu yote ya ndani. Nje unamalizia. Nje ndiyo mkono wako unaposhika. Ukiimaliza mapema, unashika nini?"

Na kweli kila kitu alikipa namba. Ukigeuza mnyama wa mbao, fremu ya picha au msalaba wowote uliotoka baraza ile, nyuma utakuta penseli: kumbukumbu namba fulani, mbao gani, imetoka kwa nani, inakwenda kwa nani. Hata samaki wangu aliyekatika anayo namba yake. Aliandikwa "Ubao haukukamilika. Mhusika: Fundi," akatundikwa ukutani watu wote wamwone.

Yeye mwenyewe alikosea pia, tena makosa ya kuonekana. Kuna mwaka alimwahidi mwalimu wa shule ya jirani fumbo la ramani ya Tanzania, kila mkoa kipande chake, watoto wavunje na kupanga. Alichora ramani kwenye karatasi aliyoipaka mafuta ya taa ili ionyeshe hadi upande wa pili. Akaibandika. Akakata wiki tatu, mikoa yote, hadi kona za ziwa. Siku ya kukabidhi tukakusanyika, mwalimu akainamia ramani.

"Mzee, shikamoo tena," akasema mwalimu. "Ziwa Nyasa limehamia mashariki?"

Alikuwa ameibandika karatasi kifudifudi. Nchi nzima ilikuwa imegeuka, bahari iko mkono wa kushoto, Kigoma inatazamana na mawio ya jua. Tulicheka hadi mkewe akakaa chini. Karani alisubiri tumalize, akaondoa vipande kimoja kimoja, akavilaza kifudifudi, akavipanga upya. Nchi ikarudi mahali pake, maana msumeno umepita ubao mzima na nyuma yake ni sahihi. Akaandika majina ya mikoa upande huo, akampa mwalimu penseli atie sahihi ya kupokea.

Hakuuza. Hilo lilimchosha mkewe na kutushangaza wote, kwa sababu miaka ile kila mtu alikuwa anauza kitu, hata maji ya barafu. Alikuja mfanyabiashara mmoja wa mawe ya vito kutoka Tunduru, kanzu safi, saa ya kung'aa, ambaye alikuwa ameona kisanduku cha Karani chenye mfuniko wa nakshi nyumbani kwa mtu.

"Asalaam aleikum, mzee wangu. Nataka visanduku vya kuwekea mawe. Mashallah, kazi nzuri sana. Nikatie hamsini."

"Kimoja nitakukatia," akasema Karani. "Hamsini siwezi."

"Kwa nini, mzee? Riziki hiyo."

"Hamsini ni kazi, bwana. Na mimi kazi nilishapunguzwa."

Yule bwana alicheka mpaka akajifuta machozi. Alikaa hadi chai ya saa nne, na kisanduku chake kimoja alikifuata mwenyewe baada ya mwezi, safari yote ile ya basi.

Msidhani alikuwa malaika. Kwa ubao alikuwa na subira isiyo na mwisho, kwa binadamu hakuwa nayo kabisa. Foleni ya mashine ya kusaga ilimtoa jasho la hasira. Ukimweleza habari ndefu alikukatiza: "Fika kwenye hoja." Na alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri: vitu vyake vizuri zaidi aliwapa watu aliogombana nao. Mkuu wake wa zamani, yule aliyesaini barua yake, ndiye ana fremu ya mninga yenye maua ya kahawa ambayo mimi niliililia. Nilimuuliza mbona. "Nikigombana na mtu namfikiria sana," akasema, "na nikimfikiria sana mkono unatulia." Nikamjibu kwamba basi na mimi nina haki ya kupata kitu kikubwa, maana tuligombana kuliko wote. Akasema faili langu bado liko kwenye mchakato.

Na kweli siku moja alikuja stoo kwangu na karatasi kubwa, akaomba kichwa cha cherehani kilichovunjika. Alivilaza vipande sakafuni vikakutana shingo, akavizungushia penseli kwa makini.

"Cha nini tena?"

"Kumbukumbu za ofisi."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na mambo yangu. Mitumba ilikuwa imefika Songea, marobota kwa marobota. Gauni nililokuwa nashona siku mbili mtu alilipata sokoni limekwisha kushonwa, lina hadi mfuko wa siri. Wateja walinipita wakiniamkia vizuri sana. Kilichobaki kuniokoa ni sare za shule, na sare za shule haziendi na cherehani ya mkono. Nilihitaji miguu yote miwili kwenye pedeli na mikono yote miwili kwenye kitambaa. Nikajinyima, na mwishowe nikapata kichwa kipya kutoka kwa mwenye duka aliyekuwa analeta mizigo ya Kichina. Cheusi, kinanukia mafuta. Shule mbili zikanipa sare zao. Siku niliyosubiri tangu cherehani ya mama ivunjike ilikuwa imefika.

Nilikwenda barazani nimejiandaa kwa maneno. Nilijua namwomba nini. Ile meza ndiyo ilikuwa ofisi yake, na bila meza ile angerudi kuwa mzee wa barua ya Ijumaa. Lakini na mimi nilikuwa na sare mia na kitu, na ile ilikuwa meza ya mama yangu.

Sikuhitaji maneno hayo. Nilimkuta amekwisha kuvunja mashine. Mkono wa mbao umelala ukutani, springi imetolewa. Meza ilikuwa imepigwa msasa na kupakwa mafuta, na yale matundu manne yalikuwa yamezibwa kwa vijiti vya mninga, viwili sawasawa na viwili vimekaa vibaya. Karani hakuwahi kukalisha kitu vibaya.

"Shikamoo."

"Marahaba, Fundi. Nimesikia umepata kichwa. Chukua meza yako. Kama ilivyo nisingeweza, ila nimejitahidi."

"Nani amekwambia uivunje kabla sijaja?"

Akataka kunionyesha kitu mezani, akanyoosha mkono, na mkono ukatetemeka. Ulitetemeka kama wa mtu aliyebeba ndoo umbali mrefu. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa muda mrefu alikuwa anashika kikombe kwa mikono miwili, na saa nne alikuwa ananiletea chai kwangu badala ya mimi kwenda kwake. Mkewe alikuwa mlangoni, hakucheka.

"Imegoma," akasema Karani, akiitazama mikono yake kana kwamba ni wafanyakazi wa mtu mwingine. "Miezi minne sasa. Hata namba siwezi kuandika."

Nikainamisha macho, na hapo nikauona ubao. Ulikuwa wa mninga, mpana, karatasi bado imebandikwa juu, na kwenye karatasi kulikuwa na cherehani ya mama: kichwa chake kizima na shingo haijavunjika, gurudumu, meza, miguu yote na ule mchoro wa chuma unaopindapinda kati ya miguu. Matundu ya ndani yote yalikuwa yamekatwa. Ule upenyo chini ya shingo, mianya ya gurudumu, kila pindo la chuma. Kazi safi isiyo na alama ya kutetemeka. Nje palikuwa bado, ubao mzima pembeni.

"Hicho ni kibao cha kibanda chako," akasema. "Hujawahi kuwa na kibao. Nilifika hapo mikono ikakataa. Ningeweza kuandika, ningekiandika: ubao haukukamilika."

Kisha nikamwambia, "Mzee, rudisha bolti."

"Fundi, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Toboa hivyo vijiti, rudisha bolti, funga wembe. Nimekuja kuchukua meza nami sijaichukua bado."

Alinitazama kama siku ile ya kola. Akaita mkewe alete keekee. Mkewe ndiye aliyetoboa, mimi nikakaza bolti, Karani akatuamuru wote wawili bila subira hata tone. Nikapaka nta ya mshumaa chini ya ubao. Nikakaa. Akavuta kigoda upande wa pili wa meza, akapitisha mguu wake kwenye pedeli ya mama.

"Miguu haijagoma," akasema. "Mimi nakanyaga, wewe geuza."

Kachi-kachi-kachi. Nikaupeleka ubao, nikasubiri. Kwenye kona za meza niligeuza kama kola. Chini ya miguu ya cherehani niligeuza kama mkunjo wa mfuko. Akawa ananong'ona, usiusukume, usiusukume, na mimi nikamwambia anyamaze, na mkewe mlangoni akaanza kucheka tena kile kicheko chake kikubwa. Kwenye gurudumu nikaharakisha kidogo kwa furaha, likatoka na kijipembe. Tulimaliza saa tisa na dakika hamsini. Ofisi ilikuwa imefungwa kwa dakika ishirini nzima wala hakuna aliyelalamika.

Akainama, akabandua ile karatasi ya zamani chini ya meza, akaniwekea mbele. "Itarudishwa siku atakayoihitaji."

"Naihitaji," nikasema.

"Lini?"

"Jumamosi. Na Jumamosi itakayofuata. Nitaifuata hapa hapa."

Alitoa leso akajifuta uso wote, muda mrefu kuliko jasho lilivyokuwa. Kichwa changu kipya nilikitengenezea miguu kwa fundi wa kuchomelea, miguu ya nondo isiyo na nakshi yoyote, na sare zote nilizishonea juu ya hiyo.

Kibao kikatundikwa mlangoni kwangu. Nyuma yake alitaka namba kama vitu vyote, akajaribu kuandika, penseli ikakimbia, akanipa mimi niandike huku yeye akinisomea. Wateja wengi walikisifu, na daima alikuwepo mmoja wa kuuliza mbona gurudumu limetoka pembe. Karani akiwa karibu hakunipa nafasi ya kujibu. Aliwaambia kwa sauti, akiwa wima na tai yake:

"Hilo liko nje. Geuzeni msome."

Wakigeuza walikuta mwandiko wangu: "Mninga. Ndani: Karani. Nje: Fundi. Umekamilika."